Mtungi Mpya wa Baba Silvesta

Mume wangu Dastani alijua mvua iliyonyesha siku ya Pasaka ya mwaka juzi, kwa vidole na nusu vidole, lakini hakujua chumvi inakaa wapi ndani ya nyumba yake mwenyewe. Nasema hivi mapema ili mtu asije akadhani nilimwonea. Nilimpenda, na bado nampenda, ila zilikuwapo siku nilizotamani kumpiga kwa mwiko.

Kazi ya kupima mvua aliipata kwa Mdachi mmoja mrefu aliyepita Newala na masanduku yake, watu wakamwita Bwana Chupa. Dastani alikuwa amesoma shule ya misheni kule Masasi, anajua kuandika, kwa hiyo Bwana Chupa akamwachia kopo la shaba, daftari na kijiti chenye alama, akasema atarudi. Hakurudi. Dastani akaendelea kupima. Vita vya Maji Maji vilipokuja alilizika kopo nyuma ya nyumba, maana siku zile mtu akikutwa anachungulia maji ndani ya chombo, wapiganaji wangemwuliza ni dawa gani hiyo, na akiponea hapo, askari wa Mdachi wangemwuliza tena. Vita vilipokwisha alilifukua, akafungua daftari, akaandika: "Miezi kumi na minne haijulikani." Akalia machozi. Nyumba tatu za jirani zilikuwa zimechomwa moto, yeye analilia mvua.

Sisi tunakaa juu, uwandani. Maji yako chini, bonde la Kitangari, kwenye chemchemi moja tu tunayoitegemea sote. Kushuka ni mchezo. Kupanda na mtungi kichwani ndiko kunakomfanya mtu amkumbuke Mungu. Nilikuwa natoka jogoo wa kwanza na kurudi jua limeshapanda. Dastani naye alikuwa anashuka kila Jumamosi. Alichomeka kijiti kingine pale chemchemini, akawa anakisoma. Alishuka na daftari, akapanda na daftari. Hata tone moja hakuwahi kunipandishia.

Lakini alichokiona kwenye kile kijiti hakikuwa mchezo. Juu ya chemchemi kuna kichaka kikubwa, na mwenzetu Alfani alikuwa amekata kipande chake kulima ufuta. Tangu hapo maji yalishuka vidole vinne.

"Mvua inaingia udongoni chini ya miti," Dastani aliniambia, "inakaa humo, inatoka bondeni polepole. Miti isipokuwepo, maji yanakimbia juu juu na kwenda zake. Alfani akikimaliza kile kichaka, Mama Silvesta, utateka tope."

Nilimwamini. Si kwa ajili ya daftari. Zamani nilikuwa nazamisha kata ya kuchotea maji chemchemini hadi mkononi, na mwaka ule nilikuwa naikwangua chini mpaka inalia.

Basi wanawake wakaanza kupigania foleni. Siku moja askari aliyetumwa kuwaamua akavunjiwa mtungi kichwani, na akida wa Newala akakasirika. Akaagiza liundwe baraza la watu watano la kusimamia chemchemi. Wanne aliwataja mwenyewe, na uenyekiti akampa mama yangu, Bibi Sijaona, mfinyanzi wa mitungi, kwa kuwa hakuna aliyethubutu kugombana naye. Kiti cha tano, kile cha kusimamia kichaka na njia, akasema watu wachague. Mwenye kiti hicho ndiye angesema kichaka kikatwe au kiachwe.

Alfani akasema anakitaka. Mume wangu naye akasema anakitaka, nami nikakaa chini nikashika kichwa.

Sababu ni hii. Kwetu mwanamume anaoa na kuhamia kwa kina mkewe, na hapo hapo anakatazwa kuonana na mama mkwe uso kwa uso. Hasemi naye. Wakikutana njiani, yeye anaingia porini, hata kama kuna miiba. Heshima hiyo hulegea siku mama mkwe mwenyewe atakapompa kitu kwa mkono wake, na mama yangu alikuwa na miaka sita hajampa Dastani hata kaa la moto. Na si mama peke yake. Mama zangu wadogo na wakubwa wote ni wakwe zake vilevile, nao ni kumi na mmoja. Mtu aliyekuwa akiwakimbia wapiga kura wake kila asubuhi ndiye aliyetaka wamchague.

Mjumbe kati ya mume wangu na mama yangu nilikuwa mimi. Nyumba zetu zilitengana hatua ishirini. Kila asubuhi Dastani, akiwa nyuma ya ukuta, alisema, "Mwambie mama, shikamoo." Mama, akiwa anakanda udongo wake pale pale, amesikia kila kitu, alinisubiri mpaka nimfikie. "Anasema shikamoo." "Mwambie marahaba." Nikarudi. "Anasema marahaba." "Mwambie, ameamkaje?" Miaka sita! Mguu wangu wa kulia umepinda kwa salamu.

Kampeni ilikuwa mbaya zaidi. Alfani, mtu wa Nanganga, mcheshi, mkarimu, alizunguka nyumba kwa nyumba na chumvi ndani ya jani la mgomba. Aliwatania mama zangu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Mume wangu yeye alifika uani kwa mama, akawageuzia wote mgongo, akauhutubia ukuta wa banda la kuku. Alisema habari ya udongo na mizizi na vidole vinne. Nami nilisimama katikati nikirudia kila sentensi kwa watu walioisikia tayari.

Kusema kweli nilikuwa nikipunguza. Yeye alisema, "Waambie kwamba kwa mujibu wa vipimo vya Jumamosi sitini na saba," nami nikasema, "Anasema maji yanakwisha." Mama yangu mdogo Siti akatikisa kichwa. "Mumeo kasema maneno mengi kuliko hayo." Nikamwambia mengine ni ya Kidachi.

Ukaja mjadala wa namna ya kuchagua. Kuinua mikono kulijaribiwa, watu wakainua yote miwili. Wakajaribu kunde, moja kwa kila nyumba, kuku wakala kura za upande wa mashariki. Ndipo Dastani, akiuangalia ukuta, akatoa wazo lake: kila mgombea awe na mtungi, kila nyumba imimine kata moja ya maji kwenye mtungi wa mtu inayemtaka, kisha kijiti kizamishwe. "Maji yanatuuma," alisema. "Hakuna atakayemimina mara mbili. Na kijiti hakina ndugu." Wazo likapendwa. Hata Alfani alilipenda.

Dastani akaongeza masharti, maana hakujua kuacha. Kata iwe moja kwa wote. Mitungi iwe ya mfinyanzi mmoja na kipimo kimoja, kijiti kisije kikadanganya. Alfani akasema ule wa nyumbani kwake ni kazi ya Bibi Sijaona, ana miaka minane nao. Sisi pia tulikuwa nao wa namna ile ile, lakini Dastani aliuchungulia akakunja pua. "Huu una utelezi ndani. Kazi ya namna hii inataka chombo safi. Mwambie mama anifinyangie mpya."

Nikaenda. Nikarudi kuuliza mdomo uwe mpana kiasi gani. Nikaenda. Nikarudi, mama anauliza kwani huu wa zamani una nini. Nikaenda tena kumweleza una utelezi, nikala matusi yaliyomhusu mwingine. Haya yalikwenda siku nane, na maji nateka, na muhogo natwanga, na mwanangu Silvesta yuko mgongoni ana homa. Siku ya tisa mama akanikabidhi mtungi, mwekundu, mzuri ajabu, akasema, "Mwambie mumeo aupikie uji kwanza. Bado haujashiba."

Kila mwanamke wa kwetu analijua hilo. Mtungi mpya hunywa maji. Unaupikia uji mzito, unaacha ugande kwenye kuta, ndipo unaziba. Mwanamume hajui, kwa sababu mwanamume anakutana na mtungi ukiwa umeshajaa.

Niliufikisha nyumbani nimechoka hadi macho hayaoni. Dastani akauliza, "Mama amesema nini?"

Nikajisemea moyoni kwamba leo mdomo huu umefungwa. "Amesema chukua," nikamjibu.

Sikusahau. Ningependa kusema nilisahau, lakini sikusahau.

Siku ya kuchagua, watu walijaa uwanjani kwa akida. Karani wake, Sadallah, alikuja na kitabu, akatoa amri kila mgombea akae kando ya mtungi wake, asije mtu akauchezea. Mama zangu kumi na mmoja wakasimama papo hapo kama waliogongwa. Walikuwa na maji yao vichwani na hawawezi kusogea, maana mkwe yuko pale, macho yote mawili wazi. Dakika nyingi zikapita. Alfani alikuwa amekaa amekunja miguu, anasalimia watu kwa majina.

Mimi ndiye niliyeleta tenga. Lilikuwa tenga la kuku, kubwa, nikalikung'uta kidogo tu, nikamfunika nalo mume wangu mwili mzima. Mama zangu wakashusha pumzi. Hayuko tena, wanaona tenga. Wakaja mmoja mmoja, wakamimina, na Siti akalipiga tenga kofi la utani akiondoka. Kutoka ndani ikasikika chafya, kwa sababu ya manyoya.

Karani alikuwa akihesabu watu kwa midomo. Alifika arobaini na kitu, mbuzi akaja akatia pua kwenye mtungi wa Alfani, akainuka kumfukuza, na alipokaa tena hesabu ilikuwa imeshamtoka. Hakuna aliyejali. Kijiti kingesema.

Watu wakaendelea kumimina. Nilikuwa nimesimama karibu na tenga nikisikia raha, maana kwa jicho langu mama zangu walikuwa wamemchagua mume wangu. Ndipo tenga likanong'ona.

"Mama Silvesta. Chini ya mtungi kuna maji."

Nikatazama. Kutoka pale alipokaa, chini kabisa, Dastani ndiye mtu pekee aliyeweza kuona vizuri. Mtungi ule mzuri ulikuwa umelowa mwili mzima, unatoka jasho, na mchanga uliouzunguka umekuwa mweusi. Doa lilikuwa linatambaa.

"Umepasuka?" akauliza.

Haukuwa umepasuka. Niliona aibu. Nilikumbuka kichaka, nikakumbuka kata inavyolia chini ya chemchemi, nikakumbuka Jumamosi zake sitini na saba, na mimi nilishindwa kubeba maneno matano kwa hatua ishirini.

Karani akazamisha kijiti. Mtungi wa Alfani: vidole kumi na sita. Mtungi wa Dastani: vidole kumi na vinne. Watu wa Alfani wakapiga vigelegele. Alfani mwenyewe akainuka, akalipa tenga mkono, pakatoka vidole viwili kwenye tundu akavitikisa kwa heshima.

"Ngojeni," nikasema.

Sauti ilinitoka kubwa kuliko nilivyotaka. Nikawaambia wote. Nikasema mtungi ule ni mpya haujapikiwa uji, na mama alituma neno, na mimi nililiacha njiani kwa hasira. "Kura zake zimo ndani ya udongo," nikasema. "Kosa ni langu, si lake."

Wanawake wote wakaangua kicheko. Hawakunicheka mimi. "Fundi wa maji!" mmoja akapiga kelele. "Anapima mvua ya mbinguni, hajui mtungi mpya hunywa!" Tenga halikutikisika. Nilimwonea huruma ambayo sijawahi kumwonea mtu.

Alfani alikuwa muungwana, lakini si mjinga. "Dada yangu, pole," akasema. "Ila tulikubaliana kijiti. Yaliyomo ndiyo kura. Yaliyonywewa na mtungi nani atayahesabu?"

"Mimi," akasema mama yangu.

Alikuwa amekaa siku nzima kwenye kigoda cha mwenyekiti. Akaja, akayamwaga maji ya Dastani kwenye beseni la karani, akaukung'uta mtungi, akauinua, akautua kichwani. Akasimama hivyo na macho amefumba, shingo imenyooka.

"Nimeufinyanga mwenyewe," akasema. "Uzito wake mkavu naujua. Umebeba kata tatu ukutani. Na lile doa mchangani ni kata moja."

Karani akapima: vidole viwili vya kijiti vilikuwa kata nne kamili. Walilingana.

"Mama mkwe anamsaidia mkwewe," mtu mmoja akalalamika. Wote wakamgeukia wakimshangaa. Hakuna aliyewahi kusikia jambo kama hilo.

Kutoka ndani ya tenga sauti ikaniita. "Mwambie Bwana Alfani amjaribu. Achukue mtungi mwingine wa mama, atie kata anazotaka yeye, mama asione."

Nikamwambia Alfani, neno kwa neno, sikupunguza hata silabi. Alfani akafurahi, maana alipenda mchezo. Wakamgeuza mama aangalie upande wa Masasi. Alfani akatia maji kwenye mtungi mwingine, kimya kimya, akimwonyesha karani kila kata. Mama akatwishwa. Akainama kidogo, akanyanyuka.

"Tano," akasema. "Na ya tano umeiba. Haikujaa."

Alfani akapiga magoti akacheka mpaka kofia ikamdondoka. Alikuwa ameacha nusu kwenye ile kata ya mwisho makusudi, ili amnase. "Nakubali," akasema. "Shingo hii iandikwe kitabuni."

Karani akaiandika. Halafu akakuna kichwa, kwa kuwa wamelingana na jua linashuka na akida anataka jina. Siti ndiye aliyesema, "Nyumba moja haijamimina. Ya mwenyekiti."

Ilikuwa kweli. Mama hakuwa amemimina. Na hakuna aliyejua anachofikiri. Alfani alikuwa amemwahidi debe la ufuta kila mavuno, na kile kichaka ni cha ukoo wetu. Kikilimwa, faida inaingia nyumbani kwake. Mwaka mzima na zaidi nilimpelekea maneno ya Dastani juu ya udongo na mizizi, naye kila mara alinijibu, "Mwambie nimesikia."

Mama akachota kata kwenye mtungi wake, ikajaa mpaka ukingoni. Akatembea, na hakumwaga hata tone, akasimama katikati ya mtungi wa Alfani na tenga. Mimi nikasogea nikanyoosha mkono, kama kawaida yangu, niichukue kata nimpelekee mahali atakaponituma. Ndiyo kazi yangu.

Akaupita mkono wangu.

Akashika ukingo wa tenga kwa mkono wa kushoto, akalifunua. Mama zangu kumi na mmoja wakajifunika nyuso kwa kanga. Mume wangu alikuwa amejikunyata pale na manyoya ya kuku nywelini, magoti yamelowa, uso umeinamia mchanga.

"Shika, mkwe," mama akasema, akimpa ile kata kwa mkono wake. "Mimina mwenyewe. Huyu tuliyemtegemea humwaga njiani."

Dastani akainua macho. Miaka sita, na ndiyo mara ya kwanza wanaonana. Alipoipokea kata, robo ya maji ikamwagikia gotini, lakini iliyobaki aliimimina kwenye mtungi wake, ikatosha. Karani hakuzamisha kijiti.

"Asante, mama," akasema. Halafu, kwa sababu ni Dastani, akaongeza, "Shikamoo."

"Marahaba. Na hayo ya udongo niliyasikia tangu siku ya kwanza. Unafikiri nakanda nini kila siku?"

Kichaka kipo mpaka leo. Alfani analima ufuta upande wa pili, na bado anatuletea chumvi. Maji ya chemchemi yamepanda kidole kimoja na nusu, imeandikwa. Kila Jumamosi mume wangu anashuka na daftari na kupanda na mtungi kichwani, kwa amri ya mwenyekiti, na watoto wanatoka majumbani kumwangalia anavyoumwaga.

Asubuhi wanasalimiana wenyewe, yeye na mama, kisha wanakaa kwenye udongo na kuongea mpaka uji unapoa. Nikipita wananyamaza. Nimewauliza mara nyingi wanaongea nini, nao wote wawili hunijibu neno moja, bila kunitazama: "Chukua."